Daktari Williamson na Mawe ya Usukuma

Katika nchi ya Usukuma, tangu Bariadi hata Mwanza, majabali ya matale yamesimama vilimani, mengine yamepandana kama yaliyowekwa kwa mkono. Ukivunja kipande cha jabali hilo na kukitazama juani, utaona kwamba si kitu kimoja. Mna punje zing'aazo kama kioo, nazo ni ngumu hata zaweza kukwaruza chupa: hizo ni kwatsi. Mna vipande vyeupe au vya rangi ya waridi, vipasukavyo kwa nyuso laini: hivyo ni feldispa. Tena mna vijigamba vyembamba vibandukavyo kwa ukucha, navyo ni ulanga.

John Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika nchi ya Kanada. Alipoingia chuo kikuu cha McGill alitaka kusoma sheria, lakini alipokwenda safari ya kuchunguza mawe huko Labrador, moyo wake uligeuka, akaiacha sheria. Mwaka 1933 alipata shahada ya udaktari katika elimu ya mawe. Basi asidhaniwe kuwa mganga. Alikuwa daktari wa miamba.

Alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akaja Tanganyika, kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki. Almasi za huko zilikuwa chache, na kampuni iliyomwajiri ikaacha kazi. Williamson hakuondoka. Alisadiki kwamba mahali fulani katika nchi ile liko shina kubwa la almasi ambalo hakuna aliyeliona.

Maana almasi haizaliwi juu ya nchi. Huumbika chini sana, zaidi ya kilometa 150, kisha hupandishwa na uji wa mawe ya moto upasuao ardhi kama bomba. Uji huo ukipoa huwa mwamba uitwao kimbalaiti. Almasi ndani yake ni chache mno, hata mtu aweza kuchimba siku nyingi asione hata moja. Lakini mwamba huo huleta wenzake wengi: ganeti nyekundu, na ilimenaiti, vijiwe vyeusi, vizito, vyenye mng'ao hafifu. Ukiosha changarawe kwa chekecheke, mchanga mwepesi huondoka na vizito hubaki. Asiyejua huvitupa, ajuaye huuliza vimetoka wapi.

Ndivyo alivyofanya Williamson miaka mingi, pamoja na watu wa nchi waliomchimbia mashimo na kumwoshea changarawe. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Fedha zilimwishia, akaugua homa, na wenye mali wengi hawakumsadiki. Wakili mmoja wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia, naye akawa mshiriki wake.

Mwezi wa Machi 1940 almasi ilionekana Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga. Watu husimulia habari za siku ile kwa namna nyingi, na wengi hupenda kuutaja mbuyu. Lakini mbuyu haukumfundisha mtu kitu. Bomba la Mwadui lilikuwa na eneo la hekta 146 hivi, kubwa kuliko mabomba yote ya almasi yaliyokuwa yamechimbwa duniani.

Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka ule. Ilipokwisha kukatwa na kusuguliwa, ilibaki karati 23.6.

Williamson hakuoa. Alikaa Mwadui, akajenga mji wa wafanyakazi wake, na huko alifariki Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50. Ndugu zake waliorithi machimbo waliyauza mwaka ule ule, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.