Dk. Martin Luther na Siku ya Bwana

Dk. Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Mwaka 1512 alitunukiwa udaktari wa theolojia huko Wittenberg na mwalimu mwenzake, Andreas Karlstadt.

Mwaka 1524 Karlstadt alitoa kijitabu juu ya Sabato. Mwaka uliofuata Luther alimpinga kwa ukali, akiona kwamba fundisho hilo lingewarudisha Wakristo kwenye Jumamosi na chini ya torati ya Musa. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 alifundisha kuwa hakuna siku iliyo bora kuliko nyingine. Jumapili hutunzwa kwa utaratibu mwema, ili watumishi wapumzike na watu wote wakusanyike kulisikia Neno la Mungu, maana Neno ndilo liitakasalo siku.

Hata hivyo, Vita vya Wakulima vilipoyahatarisha maisha ya Karlstadt mwaka 1525, Luther alimpokea na kumficha nyumbani mwake.

Luther alilala katika Bwana huko Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Washarika wanaokusanyika kila Jumapili wakumbuke yote mawili: fundisho alilolitetea, na mlango aliomfungulia ndugu aliyepingana naye.