Naomi Uemura: Jamaa aliyepanda Denali peke yake katikati ya majira ya baridi

Ukisikia jina Naomi, bila shaka unafikiria binti. Huyu alikuwa mwanamume, Mjapani mfupi mwenye haya, na kabla hajafikisha miaka 30 alikuwa amesimama juu ya milima mirefu zaidi ya mabara matano. Mmoja wa milima hiyo uko hapa jirani, Kilimanjaro. Aliupanda mwaka wa 1966, na mwaka huo huo akapanda pia Mlima Kenya.

Uemura alizaliwa Februari 12, 1941 katika familia ya wakulima mkoani Hyogo, Japani. Usidhani alizaliwa na kipaji. Alipojiunga na klabu ya wapanda milima ya Chuo Kikuu cha Meiji jijini Tokyo, wenzake walimbandika jina la utani la kokwa ya mwaloni, ile inayodondoka mtini na kubingirika, kwa sababu kila mara alikuwa chini. Wengi wetu tungetoka kwenye hilo grupu mara moja. Yeye alianza kufanya mazoezi kila asubuhi.

Alimaliza chuo mwaka wa 1964 bila kazi na bila pesa. Akapanda meli hadi Marekani, akafanya vibarua vya shambani California hadi watu wa uhamiaji wakamfumania hana kibali. Akavuka hadi Ufaransa, akapata kazi mahali pa michezo ya kuteleza kwenye theluji, na akiweka akiba alikuwa anapiga hesabu ya mlima mmoja tu: Mont Blanc.

Jaribio la kwanza karibu limuue. Kwenye milima ya namna hii barafu hupasuka na kuacha nyufa ndefu kwenda chini, kisha theluji mpya huzifunika ukaona pako sawa. Unakanyaga, na ardhi haipo. Uemura alitumbukia, lakini begi lake na vyuma vya viatu vikakwama kwenye kuta za ufa, akajitoa. Hakusahau. Miaka mingi baadaye, akitembea peke yake kwenye barafu, alijifunga mianzi mirefu mwilini ili akitumbukia tena, mianzi ikamatane na kingo za ufa na kumshikilia.

Baada ya Mont Blanc na Afrika, mwaka wa 1968 alipanda Aconcagua kule Argentina, kisha akateremka mto Amazon kwa chelezo cha magogo. Mei 11, 1970 yeye na mwenzake Teruo Matsuura wakawa Wajapani wa kwanza kufika kilele cha Everest. Agosti mwaka huo akapanda Denali, mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, mita 6,190, akiwa peke yake. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake.

Halafu akafanya jambo ambalo vijana wengi wenye haraka hawalifanyi: akarudi kuwa mwanafunzi. Alikwenda Greenland akaishi na Wainuit katika kijiji cha Siorapaluk, akajifunza kuendesha mbwa wa kuvuta sleji, kuvua samaki chini ya barafu na kula nyama mbichi. Kuanzia 1974 hadi 1976 alisafiri na mbwa wake takriban kilomita 12,000 kutoka Greenland hadi Alaska. Mwaka wa 1978 akawa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini peke yake kwa sleji. Njiani dubu mweupe alivamia kambi yake, akala chakula, kisha akamnusa akiwa ndani ya begi la kulalia. Uemura alitulia tuli kama maiti mpaka dubu akaondoka. Aliporudi kesho yake, alimkuta ameshika bunduki.

Ndoto iliyobaki ilikuwa Antaktika. Mwaka wa 1982 alikuwa tayari kule, akitegemea msaada wa jeshi la Argentina, lakini vita vya visiwa vya Falklands vikazuka na msaada ukayeyuka. Alirudi nyumbani kwa mkewe, Kimiko, mikono mitupu. Alikuwa pia anapanga kufungua shule ya kufundisha vijana maisha ya porini.

Mwanzoni mwa 1984 akaamua kurudi Denali, safari hii katikati ya majira ya baridi. Friza ya kawaida ya nyumbani huwa nyuzi 18 chini ya sufuri. Denali mwezi Februari hufika 40 chini ya sufuri na zaidi, na upepo ukivuma unakunyang'anya joto haraka kuliko mwili unavyoweza kulitengeneza. Mchana ni mfupi. Dhoruba ikianza, huoni hata mkono wako.

Hakubeba hema. Kila jioni alichimba pango kwenye theluji akalala humo, kwa kuwa theluji huzuia upepo na kutunza joto. Alibeba mzigo mwepesi ili aende kasi. Februari 12, siku aliyotimiza miaka 43, alifika kileleni: mtu wa kwanza kupanda Denali peke yake wakati wa baridi. Kesho yake alizungumza kwa redio na watu waliokuwa wakizunguka kwa ndege, akawaambia amefika na anateremka. Baadaye redio ikanyamaza.

Hali ya hewa ikachafuka. Ilipotulia, waliomtafuta walikuta shajara na baadhi ya vifaa vyake kwenye pango alilotumia njiani. Yeye mwenyewe hajapatikana hadi leo. Serikali ya Japani ilimpa Tuzo ya Heshima ya Taifa mwaka huo huo, na huko Toyooka, nyumbani kwao, kuna jumba la makumbusho lenye jina lake.

Kwa nini nakupa hadithi hii? Kwa sababu wikendi hizi kila mtu anaposti picha za kilele, na hakuna anayeposti kuteremka. Uemura alikuwa na ujuzi kuliko karibu kila mtu wa enzi zake, na bado alipotea akiwa njiani kurudi, mwili umechoka na hewa imegeuka. Ukienda Lenana, theluji na upepo wa usiku vipo kweli. Usiende peke yako. Mwache mtu nyumbani akijua njia na saa ya kurudi. Beba nguo kavu za sufu, si fulana za pamba zinazolowa jasho. Mwenzako akianza kutetemeka sana, kujikwaa na kuongea kama mlevi, baridi imeshamwingia: mvalishe nguo kavu, mpe kitu cha moto, na mshuke wote, hata kama kilele mnakiona.