Marconi na masafa ya wote

Guglielmo Marconi alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1874. Mwaka 1896 alikwenda Uingereza kuombea hataza simu yake isiyo na waya. Desemba 1901, akiwa Newfoundland, alitangaza kwamba amenasa herufi S kutoka Poldhu, Cornwall, ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1909 akapata Nobeli ya fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun.

Silaha yake ilikuwa nguvu. Tatizo ni kwamba mitambo ya cheche ya wakati ule ilimwaga mawimbi kwenye masafa mengi kwa mpigo. Wawili wakirusha pamoja, basi, hasikiki mtu. Mataifa yakakubaliana kanuni Berlin mwaka 1906. Mwaka 1912, miezi michache baada ya Titanic kuzama, Marekani ikawawekea warushaji wa ridhaa kikomo cha kilowati 1. Marconi alifariki Roma mwaka 1937.

Mimi namkumbuka kila nikisikia jamaa hosteli wamebadilisha nchi kwenye mipangilio ya ruta ili Wi-Fi ifike mbali. Ile nchi ndiyo inayoiambia ruta kikomo chake kisheria. Ulaya, kwa gigahezi 2.4, ni miliwati 100 tu. Na hata ukiongeza, faida ni ndogo: simu yako haina nguvu ya kuijibu ruta kutoka huko mbali. Unachopata ni kumvurugia jirani, naye akiongeza yake, nyote mnakosa.

Weka nchi uliyopo.