Leo Fender, fundi redio aliyewapa wapiga gitaa sauti kubwa

Leo Fender hakujua kupiga gitaa, na hata kukaza nyuzi zake zikapatana hakuweza. Lakini mpiga solo wa bendi ya dansi, awe Kinshasa, Nairobi au Dar es Salaam, anapochomeka waya wa gitaa lake kwenye amplifaya, anatumia kifaa ambacho Mmarekani huyo alichangia sana kukipa umbo na sauti.

Alizaliwa Agosti 10, 1909 katika familia ya wakulima wa machungwa, eneo la Anaheim na Fullerton, jimbo la California. Akiwa na miaka minane aliota uvimbe uliomgharimu jicho la kushoto, akawekewa la kioo. Redio ilimteka akiwa kijana. Mjomba wake mwenye karakana ya umeme wa magari alimpelekea sanduku la vipuri, na redio yenye spika ya kunguruma aliyoiona kwenye karakana hiyo haikumtoka akilini. Hata hivyo chuoni alisomea uhasibu, si ufundi. Aliandika vitabu vya hesabu kwa waajiri kadhaa, na ajira ilipokatika, alikopa dola 600 na kufungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton mwaka 1938.

Duka hilo ndilo lililokuwa shule yake. Wanamuziki wa mitaa ya jirani walimletea amplifaya zilizokufa, na fundi anayefungua mashine mbovu kila siku hujifunza mahali zinapovunjikia. Alipoanza kuunda za kwake alikumbuka hayo. Makasha aliyatengeneza kwa mbao imara za msonobari, pembe zake zikishikana kama vidole, kisha akayavika kitambaa kigumu cha aina iliyotumika kwenye masanduku ya safari. Saketi aliipanga ili fundi mwingine, mbali na kiwanda, aweze kuifikia na kuilehemu bila kubomoa nusu ya mashine. Mnunuzi wa leo anayevutiwa na rangi na taa za mbele angefanya vyema kugeuza amplifaya na kutazama nyuma, maana huko ndiko tabia ya mtengenezaji huonekana.

Mwaka 1945 aliingia ubia na mwanamuziki Doc Kauffman kutengeneza magitaa ya kulaza mapajani na amplifaya zake. Mwaka uliofuata Kauffman alijitoa kwa kuhofia madeni, na Fender akaendelea bila yeye. Gitaa lililokuja kuitwa Telecaster lilitoka mwaka 1950, gitaa la besi la umeme mwaka 1951, na Stratocaster mwaka 1954. Hayo yameandikwa sana. Amplifaya zake husemwa kidogo, ingawa gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi.

Fender hakuamini kwamba amplifaya moja inamfaa kila mtu. Champ, ndogo kuliko zote, ilikuwa na wati zipatazo tano na spika moja ya inchi 8, kifaa cha mwanafunzi au cha sebuleni. Twin ilikuwa na spika mbili za inchi 12 kwa anayetaka kusikika ukumbini. Bassman, iliyotoka mwaka 1952 kwa ajili ya besi mpya, ilianza na spika moja ya inchi 15, kisha ikapewa nne za inchi 10.

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Fender alitaka sauti safi, isiyokwaruza hata kidogo, kama walivyoipenda wapigaji wa muziki wa magharibi mwa Marekani waliokuwa wateja wake wa kwanza. Wapiga gitaa wa blues na rock waliichukua Bassman, wakaizungusha vitufe hadi mwisho, na kuipenda kwa mkwaruzo ule ule ambao kwake ulikuwa kasoro. Jijini London, Jim Marshall na mafundi wake waliiga saketi ya Bassman mwaka 1962, lakini wakaifunga kwa spika nne za Celestion za inchi 12 ndani ya kasha lililozibwa nyuma. Saketi ilikuwa karibu ile ile, lakini sauti ilikuwa tofauti kabisa. Anayebadilisha amplifaya kila mwaka bila kugusa spika angeokoa fedha nyingi kwa kulijua hilo.

Jaribio gumu zaidi lililetwa na kijana Dick Dale, aliyepiga gitaa kwa nguvu isiyo ya kawaida katika ukumbi wa Rendezvous, Balboa. Fender alimpa vifaa avijaribu. Dale aliviunguza, kimoja baada ya kingine. Amplifaya inayosukuma nguvu kuliko uwezo wa spika huchoma koili yake au kuchana koni ya karatasi. Fundi mwingine angemlaumu mpigaji. Fender alikwenda ukumbini na msaidizi wake Freddie Tavares, akasimama katikati ya umati na kusikiliza. Alirudi na kuongeza transfoma kubwa, akatafuta spika ya JBL ya inchi 15 iliyoweza kustahimili. Amplifaya ya Showman ilizaliwa hivyo mwaka 1960, kichwa chake kikiwa peke yake na spika katika kasha lake. Muundo huo ndio unaomlazimu mnunuzi hadi leo kulinganisha wati na ohm za pande zote mbili kabla ya kuunganisha waya. Mwaka 1963 ikafuata Vibroverb, ya kwanza ya kampuni hiyo kuwa na mwangwi wa springi ndani yake.

Kufikia hapo mwili wake ulikuwa umechoka. Maambukizi ya sinasi yalimsumbua tangu miaka ya 1950, naye aliamini hana muda mrefu. Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Baadaye alibadilisha daktari na akapona. Wapiga gitaa wengi wanashikilia kwamba ubora ulishuka baada ya mauzo hayo, na amplifaya za kabla ya 1965 bado huuzwa kwa bei kubwa.

Aliishi miaka 26 zaidi, na hakustarehe. Alifanya kazi na kampuni ya Music Man, kisha akaanzisha G&L na rafiki yake wa zamani George Fullerton. Mkewe Esther alifariki mwaka 1979, naye akaoa tena. Ugonjwa wa Parkinson ulipoanza kumtetemesha mikono aliendelea kwenda kazini, hadi siku moja kabla ya kifo chake, Machi 21, 1991. Baada ya kifo chake, chumba chake cha kazi katika kiwanda cha G&L mjini Fullerton kilihifadhiwa kama alivyokiacha.