Mobutu: rais aliyeugua saratani ya tezi dume wakati nchi inawaka

Ndugu msomaji, kama kwenu ni Uvira, Bukavu au Goma, mwaka 1996 huna haja ya kuelezwa. Huenda ndio mwaka ambao wewe au wazazi wako mlifunga mizigo na kukimbia. Wakati vita vinafika kwenu, rais wa nchi alikuwa Uswisi akitibiwa saratani.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake, aliyekuwa mpishi, alifariki mtoto akiwa na miaka 8. Mobutu aliingia jeshi la wakoloni Wabelgiji, kisha akawa mwandishi wa habari katika mji unaoitwa leo Kinshasa. Tarehe 24 Novemba 1965 alitwaa madaraka kwa nguvu. Mwaka 1971 aliipa nchi jina la Zaire, halafu akaamuru watu waache majina ya Kizungu. Alitawala miaka zaidi ya 31. Wapinzani walifungwa, wengine waliuawa, na mali ya nchi ililiwa na wachache.

Agosti 1996 alifanyiwa upasuaji Lausanne. Ugonjwa ulikuwa kwenye tezi dume, kiungo kidogo cha mwanaume kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Oktoba Uvira na Bukavu zikaanguka. Mwanzoni mwa Novemba, Goma. Yeye akahamia kusini mwa Ufaransa kupata nafuu, na wanasiasa wakamfuata huko. Alirudi Kinshasa tarehe 17 Desemba, lakini Januari akaenda tena kutibiwa.

Tarehe 4 Mei 1997, akiwa amedhoofika, alikutana na Laurent-Désiré Kabila melini huko Pointe-Noire, Nelson Mandela akiwa msuluhishi. Hawakuelewana. Tarehe 16 Mei Mobutu aliondoka Kinshasa. Alipitia Togo, akaishia Moroko. Alifariki Rabat tarehe 7 Septemba 1997, akiwa na miaka 66, akazikwa huko huko. Yeye pia alifia ugenini.

Unaweza kumlaumu Mobutu kwa mengi, lakini ugonjwa wake haukuwa laana. Saratani ya tezi dume humpata tajiri na maskini, mkimbizi na mwenyeji. Haiambukizi, wala hailetwi na uchawi. Mwanzoni mara nyingi haiumi, ndiyo maana wanaume wengi huenda hospitali wamechelewa.

Kwa hiyo, baba, kaka, jiangalie. Je, mkojo unatoka kwa shida au kidogo kidogo? Unaamka mara nyingi usiku kukojoa? Umeona damu kwenye mkojo? Mgongo au nyonga zinauma bila kuacha? Dalili hizi zinaweza kuwa za ugonjwa mwingine, hata tezi iliyovimba tu bila saratani. Usijihukumu mwenyewe, nenda kituo cha afya. Kama umefika miaka 50, au mapema zaidi ikiwa baba au ndugu yako aliugua, uliza kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Kituo kisipokuwa nacho, omba rufaa. Daktari anaweza pia kuipima tezi kwa kidole. Ni kitendo cha muda mfupi, wala hakikuondolei uanaume.

Nawe mama, mzee wako akianza kuamka kila saa usiku, muulize taratibu, na umsindikize.