Fumo Liyongo: ngoma iliyokata pingu

Kutoka Garsen, mto Tana huteremka kupita Ngao na Golbanti hadi Ozi, karibu na Kipini, kisha ukamwagika baharini. Huko Ozi ndiko wenyeji wasemako kuwa alizikwa Fumo Liyongo. Wanazuoni wangali wakibishana juu ya karne aliyoishi, lakini Waswahili na Wapokomo humhesabu kuwa wao.

Liyongo alikuwa bwana wa Shaka, jitu la miraba minne, hodari wa upinde na fundi wa mashairi. Sifa zake zilimtia hofu Sultani wa Pate, aliyechelea kunyang'anywa ufalme. Kwanza aliwaahidi Wasanye na wenzao wa msituni fedha ili wamwue. Wakamwalika kula makoma kwa zamu, wakinuia kumfuma mishale atakapopanda mkoma. Liyongo aliitambua hila, akayaangua makoma kwa mishale yake.

Mwishowe alikamatwa Pate, akatiwa gerezani na kufungwa pingu. Alipojua kuwa atauawa, alimpa Saada, mjakazi wa mamake, ujumbe kwa njia ya wimbo ambao walinzi waliusikia wasiuelewe. Mama akaoka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa uliofichwa tupa ndani. Walinzi wakala mizuri, wa wishwa wakamwachia mfungwa.

Haja yake ya mwisho ilikuwa achezewe gungu. Mji ukakusanyika usiku na ngoma, pembe na matoazi. Liyongo aliwafunza nyimbo, wao wakaitikia, na kila kishindo kilipopanda, naye alikereza chuma. Watu walikuwa bado wamezama katika ngoma alipowatokea, pingu zimekatika. Wakatawanyika mbio, naye akashika njia ya bara.

Kilichomshinda hakikuwa jeshi. Sultani alimlaghai mwanawe wa kumzaa, naye akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba alipokuwa amelala. Liyongo aliinuka, akapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa hivyo hivyo. Siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai, hata maiti ilipoanguka. Mwana hakufaidi alichoahidiwa, naye alikufa.

Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyaandika hayo katika utendi. Mwaka 2004 mashairi yanayonasibishwa na Liyongo yalikusanywa na wanazuoni yakachapishwa kitabu kizima. Hilo ni jambo la shukrani. Lakini msomaji akumbuke kuwa Liyongo hakuokolewa na maneno peke yake. Aliokolewa na mahadhi, na mpiga ngoma na mpiga pembe waliojua kila mmoja mahali pake. Maneno ya gungu yamo vitabuni. Sauti yake imo vifuani mwa wazee. Wenye wazee hao majumbani na wawaketie sasa, wajifunze, kabla hawajaitwa na Mola wao.