Muindi Mbingu: Kiongozi aliyewaunganisha Wakamba kutetea mifugo yao

Maelfu ya watu hupita kila siku katika Barabara ya Muindi Mbingu jijini Nairobi, wengine wakielekea Soko la Jiji, wengine wakitafuta kivuli katika Bustani ya Jeevanjee. Ni wachache mno miongoni mwao wanaofahamu kwamba mwenye jina hilo alikuwa kiongozi wa halaiki ya wanaume, wanawake na watoto walioingia Nairobi kwa miguu kutoka Machakos mwaka wa 1938, wakidai waachiwe ng'ombe wao.

Samuel Muindi Mbingu hakuwa chifu. Hakuwa pia mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, kwani baraza hilo halikupata Mwafrika hata mmoja hadi mwaka wa 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa. Silaha yake ilikuwa ni chama kilichoitwa Ukamba Members Association, yaani Chama cha Wanachama wa Ukambani. Kilidumu kwa muda mfupi, lakini katika muda huo kilivuta wanachama wengi, kikawashikilia wakati wa vitisho, na kikailazimisha serikali ya kikoloni kurudi nyuma. Historia ya chama hicho ingali na mafunzo kwa yeyote anayejaribu kukusanya watu kwa ajili ya jambo la jamii.

Ardhi yapungua, mifugo yaongezeka

Chimbuko la harakati hizo lilikuwa Ngelani, katika milima ya Iveti iliyo juu ya mji wa Machakos. Kutoka huko, wenyeji waliweza kuiona Milima ya Mua, ambako mashamba yalikuwa yametwaliwa na walowezi Wazungu. Uwanda mpana wa Yatta nao ulikuwa umehesabiwa kuwa mali ya serikali, na mfugaji Mkamba aliruhusiwa kuutumia kwa masharti tu. Watu na mifugo yao walisongamana katika eneo walilotengewa, huku idadi yao ikizidi kuongezeka.

Miaka ya 1930 ilikuwa ya taabu. Ukame ulifuatana na nzige, nyasi zikaisha, na mvua iliponyesha iliteremka mlimani na udongo mwekundu na kuacha makorongo. Maafisa wa kilimo waliozuru Machakos waliandika taarifa za kutisha. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1934, iliunga mkono kupunguzwa kwa mifugo katika maeneo ya Waafrika. Huko Marekani nako, katika miaka iyo hiyo, dhoruba za vumbi zilikuwa zikiangamiza mashamba ya nyanda za kati, na habari zake ziliwatia hofu watawala wa makoloni ya Uingereza.

Ni haki kusema kwamba mmomonyoko wa udongo haukuwa uzushi. Vilima vilikuwa vitupu kweli. Kosa la serikali lilikuwa katika dawa iliyoichagua. Badala ya kuwapa watu ardhi zaidi, au kuketi na wazee na kutafuta njia pamoja nao, iliamua kwamba kila eneo litoe idadi fulani ya ng'ombe, hiari ya mwenyewe iwepo au isiwepo. Wakati huo huo, kampuni ya Liebig ilikuwa ikifungua kiwanda cha nyama huko Athi River, ambacho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei nafuu. Wakamba waliyaweka mambo hayo mawili pamoja na kufikia uamuzi wao.

Ilipofika mwaka wa 1938, ng'ombe walikamatwa kwa nguvu na kuuzwa kwa mnada kwa bei ya chini. Kwa Mkamba wa wakati huo, hasara hiyo haikupimika kwa shilingi pekee. Ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya mwana, malipo ya fidia katika mashauri ya wazee, na akiba ya kununulia nafaka mwaka wa njaa. Aliyenyang'anywa zizi alikuwa amenyang'anywa benki yake, heshima yake na matumaini ya wanawe kuoa.

Jinsi chama kilivyopata watu

Chama cha Muindi Mbingu kilizaliwa katika mazingira hayo. Pamoja naye walikuwamo viongozi wengine kama Elijah Kavulu na Isaac Mwalonzi. Wengi katika kundi hilo la mwanzo walikuwa wamepata elimu ya misheni. Waliweza kuandika barua na kusoma tangazo la serikali na kulifafanua kwa jirani asiyejua kusoma. Hata hivyo, wasomi wachache wa mlimani wasingeweza kuitikisa serikali peke yao. Ilibidi wapate wazee, wake zao na vijana.

Jambo la kwanza lililowasaidia ni kwamba hawakuwaalika watu kujiunga kwa ajili ya fikra ya mbali. Chama kilizungumzia ng'ombe aliyekuwa zizini mwa kila mmoja. Hakukuwa na nyumba ambayo ingesema kwamba jambo hilo haliihusu. Mkristo na asiyekuwa Mkristo, mwenye ng'ombe arobaini na mwenye wanne, wote walikuwa na cha kupoteza.

Jambo la pili ni kwamba chama kilipita katika njia zilizokuwepo tayari. Jamii ya Wakamba haikuwa na mfalme wala utawala wa kati. Maisha yao yaliendeshwa katika utui, yaani kitongoji cha nyumba jirani, na mashauri yao yakaamuliwa na mabaraza ya wazee. Kazi nzito za shamba na ujenzi zilifanywa kwa mwethya, ambao ni utaratibu wa majirani kukusanyika na kumsaidia mmoja wao, leo kwake na kesho kwa mwingine. Mtu aliyezoea kuitikia mwito wa mwethya hakuhitaji kufundishwa maana ya ushirika.

Aidha, viongozi wa chama hawakujifungia Ukambani. Walishauriana na viongozi wa Chama cha Kikuyu, Kikuyu Central Association, waliokuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kuandika malalamiko na kuendesha mikutano. Walimpata pia Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, ambaye mwaka wa 1929 alikuwa ameandamana na Jomo Kenyatta kwenda London. Kenyatta mwenyewe, akiwa bado Uingereza, aliwaeleza wasomaji wa magazeti ya huko yaliyokuwa yakitendeka Machakos.

Kilichowazuia wasitoroke

Kuwapata wanachama ni jambo moja, na kuwazuia wasitawanyike wakati wa shida ni jambo lingine. Serikali ilikuwa na machifu, askari na mahakama. Kila mwanachama alijua kwamba huenda akatozwa faini au ng'ombe wake wakawa wa kwanza kuswagwa hadi mnadani.

Chama kilikabili hatari hiyo kwa kumtaka kila mmoja atoe kitu. Kwanza, palikuwa na mchango wa fedha wa kugharimia mashauri na maombi yaliyopelekwa kwa wakubwa wa serikali. Pili, palikuwa na kiapo cha kimila, ambacho Mkamba hakukichukulia kwa mzaha, kwa kuwa aliyekivunja aliaminika kujiletea maafa yeye na ukoo wake. Aliyetoa shilingi yake na kula kiapo mbele ya majirani hakuona tena kwamba chama ni cha Muindi. Kilikuwa chake.

Tatu, na hili ndilo lililokuwa zito zaidi, palikuwa na safari. Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja waliondoka Machakos kwenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 60, kupitia nyika ya Athi yenye jua kali mchana na baridi usiku. Walikwenda na wake zao na watoto wao, jambo lililowashangaza maafisa waliozoea kupokea ujumbe wa wazee watatu au wanne.

Gavana alikataa kuwapokea mjini. Wao nao walikataa kuondoka. Walipiga kambi Nairobi kwa majuma kadhaa, mchana wakikaa kwa utulivu, bila ghasia ambayo ingewapa polisi kisingizio cha kuwashambulia. Kila siku iliyopita iliongeza fedheha ya serikali. Habari zilifika London na maswali yakaulizwa katika Bunge la Uingereza. Isitoshe, vita vilikuwa vinanukia Ulaya, na Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari wa King's African Rifles na wa polisi. Serikali iliyowategemea vijana hao kubeba bunduki zake haikuweza kupuuza kwamba baba zao walikuwa wamelala nje mjini wakilia kwa ajili ya mifugo.

Hatimaye, mwishoni mwa Agosti, Gavana alikwenda Machakos kuhutubia baraza, na waandamanaji wakarejea makwao.

Kuhamishwa hadi Lamu

Serikali iliamini kwamba ikimwondoa kiongozi, chama kitakufa. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, kisiwa cha pwani kilicho mbali na milima ya Iveti kwa lugha, kwa hali ya hewa na kwa desturi. Hakupelekwa huko kwa kosa la kumwaga damu. Alipelekwa kwa kuwa watu walimsikiliza.

Hata hivyo, hesabu ya serikali haikutimia. Wanachama hawakuanza kuuza ng'ombe wao kwa sababu Muindi hayupo. Kiapo kilikuwa bado kinawafunga, na utui ulikuwa bado uko palepale. Kabla ya mwaka wa 1938 kumalizika, serikali ilikuwa imeachana na mpango wa kuwanyang'anya watu mifugo kwa nguvu, ikarudia mauzo ya hiari. Chama kilikuwa kimeshinda huku mwenyekiti wa mioyo yao akiwa uhamishoni.

Ushindi huo, lakini, ulikuwa na udhaifu ndani yake. Chama kilijengwa juu ya dhuluma moja, na dhuluma hiyo ilipoondolewa, ile haraka ya kukutana ilipungua. Mwaka wa 1940, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ilikipiga marufuku pamoja na Chama cha Kikuyu na kile cha Wataita, na baadhi ya viongozi wa vyama hivyo wakazuiliwa. Chama cha Ukambani hakikufufuka tena kwa jina lile.

Muindi Mbingu aliachiliwa baada ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika. Nchi aliyoirudia haikuwa ile aliyoiacha. Askari Wakamba walikuwa wamerudi kutoka Burma, na siasa zilikuwa zikielekea kwenye madai ya uhuru wa Kenya nzima. Hakuishi kuuona uhuru huo. Aliuawa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, miaka kumi na mmoja kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa.

Urithi wake Machakos

Yaliyofuata Machakos yalithibitisha hoja ya wale waandamanaji. Baada ya vita, serikali ilijaribu tena kuokoa udongo, safari hii kwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu. Kazi ilifanyika kwa manung'uniko, na pasipokuwa na msimamizi haikufanyika. Katika miaka ya 1950 maafisa waligeukia mwethya, wakawaacha watu waunde vikundi vyao na kuchagua viongozi wao, wanawake wakiwa wengi. Matuta yakaenea katika vilima vilivyokuwa vitupu.

Utaratibu huo ulivuka enzi za mkoloni. Kati ya mwaka wa 1932 na 1989 idadi ya watu katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado watafiti waliofika huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta mmomonyoko umepungua kuliko ulivyokuwa siku za Muindi. Vikundi vya Ukambani vimeendelea kujenga mabwawa ya mchanga mitoni, kuchanga karo na kuzikana.

Kila mwenyekiti wa kikundi Machakos anayajua malalamiko ya leo: watu hujiandikisha kwa wingi siku ya kwanza, kisha mahudhurio yanapungua, michango inachelewa, na mwishowe anabaki yeye na katibu. Mara nyingi lawama huwaangukia wanachama kwamba hawana moyo. Maisha ya Muindi Mbingu yanaelekeza swali kwingine. Wakamba wa mwaka wa 1938 hawakuwa na moyo tofauti na wa wajukuu wao. Walibaki chamani kwa sababu jambo lilikuwa lao, kwa sababu kila mmoja alikuwa ametoa kitu, na kwa sababu waliketi na watu wanaofahamiana nao tangu utotoni. Na chama chao kiliponyauka, hakikunyauka kwa uoga. Kilinyauka kwa kuwa kazi iliyowakutanisha ilikuwa imekwisha, na marufuku ikaja kabla hawajapata nyingine.

Ng'ombe waliookolewa mwaka ule wamekwisha kufa zamani. Mwethya ungalipo, na asubuhi ya siku ya kazi mtu bado husikia mwito wa jirani na kuchukua jembe lake.